Nani Alitaka Kranki Fupi

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshuka shamba asubuhi. Mizinga yote iko kwa waya. Ndovu walifika hadi kwa ua wakanusa wakarudi. Nyuki wangu hawana mchezo. Pojo inakauka vizuri, nimevuna kidogo nikaacha nyingine.

Kurudi nyumbani juu ya mlima goti limeuma. La kulia. Si sana.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimesimama pale barabarani chini kwa Mwadime fundi wa baiskeli kujaza upepo. Tumekua pamoja na huyu, kwa hivyo hana heshima. Akaniangalia nikiwa juu ya baiskeli akasema, "Baba Wakesho, hiyo kranki ni ndefu kwako. Goti linakuja mpaka tumboni. Wacha nikufungie fupi." Kranki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Nikamwambia mimi nilibeba ndizi Bomeni mpaka Taveta mjini kwa baiskeli ya blakimamba, haina gia hata moja, mkungu huku na mkungu huku, na kranki yake ilikuwa ndefu kama mpini. Sikuulizwa habari ya goti na mtu.

Hakuna aliyemwuliza. Kwa nini anasema?

Jumanne, 4 Februari

Nimefikiria jambo la Mwadime. Anataka kranki zangu. Zangu ni nzuri, zilikuja na hii baiskeli ya maunteni kutoka ng'ambo, nyepesi na hazishiki kutu. Zile fupi zake zimening'inia kwa ukuta tangu mwaka jana, zimetolewa kwa baiskeli iliyokufa. Atanifungia hizo, zangu auze.

Nimechukua msumari nikachora alama ndani ya kila moja, pale mtu haoni. Akibadilisha nitajua.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeanguka.

Pale kwa kona ya jiwe kubwa, nikipanda. Pedali imegonga jiwe, baiskeli ikalala, mimi nikalala. Kiwiko na goti. Nimeosha na maji ya chumvi. Hakuna aliyeniona, mbuzi tu. Kwa hivyo hakuna habari.

Pedali ilipinda. Nikarudi chini kwa Mwadime ainyooshe. Nikamwambia mbuzi aliirukia. Akasema, "Mbuzi wa huku Sagalla siku hizi wana uzito." Hakuuliza zaidi. Akanyoosha polepole, akapitisha kidole pale palipokwaruzwa.

Jioni Wakesho akapiga simu. Binti yangu, mwalimu Voi. Hata salamu hakumaliza. "Baba, umeanguka?" Nikasema nani amesema. Akasema, "Nimeuliza tu."

Mtu haulizi tu. Njia ile hapakuwa na mtu. Nimehesabu kila nyumba inayoona ile kona. Hakuna. Kuna mtu ananiangalia.

Ijumaa, 7 Februari

Wakesho amekuja na bodaboda mpaka barabarani chini, akapanda kwa mguu, ameleta sukari na mkate. Sukari ikija hivi najua kuna maneno nyuma yake.

Maneno yalikuwa haya. Nishuke Voi nikae kwake, kuna chumba. Shamba likodishwe. Mizinga ipewe kikundi cha akina mama. Nitapumzika. Nikamwuliza nipumzike nikifanya nini. Akasema kuna televisheni.

Mimi. Niketi kwa kochi kama mgeni, nisubiri chai.

Akasema nitumie bodaboda basi. Ile njia ya mawe bodaboda hapandi, na akipanda siwezi kukaa nyuma ya kijana nikimshika kiuno. Kwa mguu nitafika shamba jua likiwa juu na ndovu ameshakula.

Kisha akasema, na hakupandisha sauti, "Ukianguka tena, Baba, hiyo baiskeli inashuka Voi na wewe unashuka nayo."

Anamaanisha. Huyu ni mama yake mtupu. Nimeogopa kidogo. Naandika hapa tu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekubali kranki fupi. Si kwa sababu Mwadime ana akili. Nataka nimwonyeshe kwamba amekosea, aache kusema.

Nimesimama karibu nikaangalia kila spana. Akatoa ndefu. Ndani zimeandikwa 175. Zile fupi zimeandikwa 160. Hapo nikamshika. Nikasema, "Mwadime, hii inabeba kilo mia moja sitini, yangu inabeba mia moja sabini na tano. Unanipa dhaifu." Mimi nimesoma magunia maisha yangu yote, najua nambari ikishuka nguvu imeshuka.

Akacheka mpaka akakaa chini kwa tairi. "Hizo ni milimita, bwana. Urefu." Wateja nao wakacheka. Akaziweka pamoja, moja juu ya nyingine, nione. Tofauti ni upana wa kidole. Kidole kimoja. Kelele yote hii kwa kidole kimoja.

Kisha, bila kuuliza, akapandisha kiti juu. Nikamwuliza kwa nini anagusa kiti, sikuleta kiti. Akasema pedali sasa haishuki chini kama zamani, kwa hivyo kiti kinapanda kidogo ili mguu unyooke. Ana jibu kwa kila kitu. Mtu mwenye jibu kwa kila kitu simwamini.

Alisema niziache zile ndefu azipake mafuta. Sikuacha. Nimezibeba kwa mfuko mpaka nyumbani. Ziko chini ya kitanda.

Jumatatu, 10 Februari

Mbaya. Miguu inazunguka kama kuku anayefukuzwa. Kuanza ni kuzito. Mwadime alisema niweke gia nyepesi nipandie hiyo. Gia nyepesi ni ya wagonjwa. Nimepanda na gia yangu ya kila siku, ile nimepanda nayo miaka yote, na kabla ya kona ya jiwe nikashuka nikasukuma.

Sijawahi kusukuma kwa ule mlima. Wanawake wawili wenye kuni walinipita wakanipa pole. Pole ya nini?

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Asubuhi nikishuka nilipopita kwa Mwadime, Wakesho alikuwa pale. Amekaa kwa benchi ya wateja, siku ya shule. Waliponiona wakanyamaza wote wawili. Alikuwa amefuta macho. Akasema alikuwa anapita. Anapita kwenda wapi, shule iko Voi.

Jumanne, 11 Februari

Nimeyapanga yote, yamekaa.

Wakesho alimwambia Mwadime anifungie kranki fupi. Kusudi nishindwe na mlima mbele ya watu. Nikishindwa nitaona haya, nikiona haya nitaacha baiskeli mwenyewe, hawatahitaji kuninyang'anya. Na kiti kikapandishwa ili nikianguka nianguke kutoka juu. Ndiyo sababu Mwadime alianza na habari ya goti wakati hakuna aliyemwuliza. Alishatumwa.

Damu yangu mwenyewe. Na mtu niliyechunga naye mbuzi.

Walidhani mzee hajui kufikiri kwa sababu kalamu aliishika akiwa na mvi. Kesho narudisha ndefu zangu.

Jumatano, 12 Februari

Nimeshuka mapema na mfuko wangu. Kwa Mwadime kulikuwa na watu. Vizuri, nilitaka wasikie. Nimesema yote. Nimesema ametumwa na mtoto wangu anifanye kilema, nimesema aone haya na ndevu zake.

Mwadime aliniacha nikamaliza. Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Nilitaka kumpiga.

Akasema, "Ni kweli Wakesho alinituma. Lakini si hivyo. Hakusema nikufungie fupi. Alisema nifungue kranki zote, halafu nikwambie spea zimekosekana mpaka Mombasa. Nikuzungushe mpaka usahau."

Nikasema unaona. Nilijua. Nilijua kuna jambo.

Akasema, "Ulijua, ndiyo. Sasa sikia ulichokosa kujua. Nilikataa. Mara mbili. Nilimwambia huyo mzee ukimnyang'anya baiskeli atashuka mlima na mkokoteni. Nikamwambia baba yako hajaisha, alikuwa amefungiwa tu kranki ya mtu mrefu. Sasa nimemfungia ya kimo chake, mpe nafasi aizoee. Akalia hapo ulipomwona."

Na Wakesho alijuaje siku ile nilipoanguka? Ni Mwadime alimpigia simu. Alisema aliona mkwaruzo wa jiwe kwa pedali. "Siku moja utalala kwa yale mawe mpaka jua lizame na hakuna anayejua uko wapi. Mimi sitakuja kukubeba, mgongo wangu umeisha."

Watu walikuwa wanaangalia chini. Mmoja akajifanya anakagua tairi.

Nikasema bado nataka ndefu zangu. Akaweka spana kwa benchi. "Funga mwenyewe." Akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Nimekaa na ile spana muda. Nimeishika, ilikuwa na joto la mkono wake. Nimeirudisha palepale.

Nikiondoka akaniita, "Gia nyepesi, Baba Wakesho. Usishindane na chuma." Mlima nimeusukuma wote leo, sikutaka kupanda wala kufikiri. Mfuko wa kranki ndefu nimeusahau kwake. Sikurudi kuuchukua.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimeweka gia nyepesi. Hakukuwa na mtu njiani, nimeangalia mbele na nyuma kwanza.

Inazunguka upesi lakini haiumi. Goti haliji tena tumboni, linapanda kidogo linarudi. Pumzi ilikuwa yangu mpaka juu. Pale kwa kona ya jiwe nimekaza mwili nikisubiri ule mgongano. Haukuja. Pedali imepita juu ya jiwe, nimeona kwa macho, nafasi kama ya kidole.

Nimefika nyumbani bila kushuka. Sisemi ni kranki. Juzi na jana nimelala vizuri, na pojo nimekula mara nyingi.

Nimepanda tena jioni, bila kazi yoyote shamba. Kuhakikisha tu.

Jumapili, 16 Februari

Wakesho amekuja baada ya kanisa. Hajaleta sukari. Tumesalimiana kama watu wa ofisi.

Sikumwuliza. Nilikuwa nimepanga maneno makali, niliyapanga nikiwa kanisani hata, lakini alipokaa nimeona uso wake umechoka. Hakuna anayechoka hivyo akifanya hila ya kawaida.

Nimemwambia avae viatu vya kutembea aje aone. Akasema aone nini. Nikasema aje tu.

Nilishuka hadi chini kabisa. Yeye akasimama njiani, na mahali aliposimama ni palepale, kwa jiwe. Yule mzee Mwadime alimwambia hata habari ya jiwe. Alikuwa ameweka mikono mbele kama mtu anayesubiri kudaka chungu.

Nimepanda. Sikumwangalia. Gia nyepesi, na sikuona haya. Nimempita pale kwa jiwe karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, pedali haikugusa, nikaendelea mpaka mwisho wa mlima. Nimesimama huko juu nikajifanya naangalia tairi mpaka afike.

Amenifikia akiwa na jasho. Akasema, "Nimeona, Baba." Basi. Nikamwambia anahema kuliko mimi na ana nusu ya umri wangu. Akacheka, na kucheka kwake kulikuwa na machozi ndani.

Tumekunywa chai bila sukari. Habari ya chumba hakuitaja. Akiondoka aliniomba niwe namtumia ujumbe nikifika shamba na nikirudi nyumbani. Neno moja tu. Nikasema nitaona. Nitatuma.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeshuka shamba. Mizinga iko. Nimemtumia Wakesho, "Nimefika." Imenichukua muda kuandika kuliko kushuka.

Kwa Mwadime nimejaza upepo. Amenipa mfuko wangu. Kranki ndefu zimesafishwa, zimepakwa mafuta, zimefungwa kwa gazeti. Nimempelekea pojo, debe dogo. Akasema ina mawe. Haina mawe.

Nilipofika kona ambapo Mwadime hanioni, nimesimama nikafungua gazeti nikageuza kila moja ndani.

Alama ya msumari ipo. Zote mbili.

Nimerudi nazo shamba nikazitundika kwa waya wa ua, katikati ya mizinga miwili, upande ndovu hupenda kuja. Upepo ukija zinagongana. Nimekaa kidogo kuzisikiliza, kisha nikapanda nyumbani.