Mulango Yenye Tetekuwanga

Baba Divine,

Nimeenda Mbarara kununua rangi ingine. Maharagi iko ku moto, usiache iungue.

Asubuhi nilikuambia uoshe mulango kwanza, sababu nakaangia mandazi pale na mafuta inairukia kila siku. Ukajibu ulishapaka nyumba mingi kule Uvira. Sasa rangi imekataa kutandaa, imejikusanya matone-matone. Kijiji yote ya Misiera inauliza kama mulango yetu inaugua tetekuwanga. Na bakwe ba Divine banafika kesho!

Sugua na sabuni na majivu, kisha uimwangie maji. Ikifanya matone, mafuta ingaliko. Ikitandaa, imetakata.

~~Nitapaka mimi nikirudi.~~ Utapaka wewe.

Sabuni ikibaki, osha na masikio yako. Maneno yangu pia inateleza mule.

Mama Divine