Taa Uliyoizima Melini

Athumani, ndugu yangu,

Mwandiko wangu, wewe ulikuwa ukisema ni kuku aliyekanyaga wino. Leo utauvumilia hivyo hivyo. Sikuandikii kwa amani. Nina hasira, na sina pa kuitua ila kwako, maana hapa kazini Changamwe nikifungua kinywa naambiwa mlango ule pale.

Wamesema ulilala.

Ndivyo walivyomwambia mzee wako. Walikuja Likoni matanga yako hayajaondolewa, msimamizi wetu na wenzake wawili, kofia mkononi, uso wa huzuni wa kuazima. Wakasema uliingia tumboni mwa meli kukagua, ukaona pazuri pa kujinyoosha, ukazima taa, usingizi ukakuchukua, ukajiviringisha ukatumbukia shimo la chini. Taa yenyewe walikuja nayo. Wakaiweka mkekani mbele ya baba yako, wakaiwasha. Na ikawaka, haki ya Mungu, ikawaka kama mpya! Wakaizima papo hapo. Wakasema, si unaona, mzee, taa nzima, na tuliikuta imezimwa kwa mkono. Mimi nikasema iacheni kidogo, iacheni iwake. Msimamizi akanijibu nisilete ubishi kwenye msiba wa watu.

Ubishi! Asubuhi ya siku uliyokufa betri ya taa hiyo ilikuwa bado kwenye chaji, nami nilimwambia haijaiva. Akaichomoa mwenyewe. Akasema meli ina haraka, vita havimngoji Karisa. Akaipima pale pale, sindano ya kipimo ikapanda, akasema imejaa. Betri ikitoka kwenye chaji hudanganya, wewe wajua. Asidi kali imejazana kwenye vibati vya madini ya risasi tu, haijapata nafasi ya kusambaa, basi sindano hupanda kwa muda, kisha huporomoka. Ukaja ukaichukua, na utani wako haukwisha: "Karisa, betri zako zi vivu kama mashemeji zako wa Junda." Nikakutukana. Ukacheka, ukaenda zako. Hilo tusi ndilo neno langu la mwisho kwako.

Humo melini kibiriti ni marufuku, kwa ule mvuke wa mafuta. Kwa hiyo taa ilipofifia ulifanya tunavyofanya sote wa chumba cha betri. Uliizima. Asidi iliyo ndani ya vibati imekwisha nguvu, ya nje haijafika. Ukiipa muda hupenya polepole, kama maji yanavyonywewa na mtungi mkavu, nawe ukiwasha tena unapata mwanga wa kukutoa. Ulikuwa umesimama gizani, ndugu yangu, unaingojea. Na hao mabwana wakaikuta imeshapumzika, wakaiwasha, wakaiamini taa kuliko wewe.

Nini kilikusogeza, sijui. Labda miguu ilichoka. Labda mtu aliita kutoka juu. Hapo na wewe nakukasirikia. Ungekaa kitako, Athumani! Ungekaa kitako tu, ukangoja umekaa!

Tangu siku ile mzee wako hakukutaja. Mama alipolitamka jina lako, yeye aliinuka akatoka nje. Msikitini watu walimpa mkono wa pole, halafu wakigeuka wakasema, lakini usingizi huo nao, kazini? Na yeye alisikia. Mtu aliyejulikana Likoni nzima kwa kutochelewa hata kwenye maziko ya jirani, akawa anaonewa huruma ya mtu aliyezaa mvivu. Nikaona huyu atakufa na aibu isiyo yake.

Msimamizi akaniamuru niitie chaji taa ile irudi kazini. Sikuitia. Niliitumbukiza guniani, nikavuka nayo feri kama mtu aliyebeba muhogo. Wakitaka wanifukuze.

Nilimkuta baba na wazee wa mtaa wanakunywa kahawa baada ya alasiri. Nikapiga shikamoo, nikaomba tuingie ndani tufunge dirisha. Nikawasha. Ikawaka vizuri, na mmoja wa wazee akaguna, mbona nzima hii? Nikawaambia ngojeni, kunyweni kahawa yenu. Hawajamaliza vikombe, globu ikaanza kuwa nyekundu. Ikafifia. Ikabaki uzi tu, kisha hata uzi sikuuona.

Nikamweleza baba ulichokifanya na kwa nini. Nikapapasa gizani, nikashindwa kuipata swichi. Basi akainama, akaizima mwenyewe. Akaketi nayo mapajani, gizani, nasi tukaketi. Nilimsikia akipumua. Mzee mmoja akataka kufungua dirisha, baba akamwambia, "Tulia."

Alipoona muda umetosha akaiwasha. Ikawaka, Athumani. Kidogo, lakini ilimwonyesha uso wangu, nami nikaona wake, umelowa mpaka ndevuni. Akasema, "Mwanangu hakulala. Alikuwa anangoja." Halafu akakuita jina lako, kwa sauti, na mama akalisikia huko uani.

Msimamizi bado ni msimamizi. Kwenye karatasi zao bado umelala. Hilo sijalisamehe, na usinitume nilisamehe. Lakini Likoni hakuna tena anayelisema mbele ya baba yako. Taa amekataa kuirudisha. Nilimwambia wataniuliza. Akasema waje kwake.

Lala sasa, ndugu yangu, kwa haki yako. Mimi nakuahidi hili: maadamu mkono wangu uko kwenye zile nyaya, betri ambayo haijaiva haitatoka, aje nani, aitake nani. Atakayeichomoa, anichomoe mimi kwanza.

Wako,
Karisa