Hotuba ya Mkata Boriti

Mjukuu wangu Zuwena,

Natangaza rasmi kwamba mbuzi wa bibi yako amekula kandambili yangu ya kushoto. Wengine wote hapa Sib wazima, alhamdulillahi.

Umeuliza vipi mkata boriti wa Pemba, aliyehamia huku Omani akafuga ng'ombe, alichaguliwa kuingia barazani. Siku ya kuomba kura wagombea wenzangu walihutubia mpaka kahawa ikapoa. Mmoja akaninong'oneza, "Wewe Mzinjibari, utawaambia nini hawa?"

Nikasimama, nikasema kwa Kiarabu, "Mimi nnafuga ng'ombe. Ng'ombe wanataka maji. Watu wanataka maji." Nikakaa.

Wakanichagua, na maji nikayaleta. Mpaka leo wanaisifu hotuba ile kwa ufupi wake, nami nnajivuna nayo.

Kiarabu nlichokuwa nakijua kilikuwa kimekwisha.