Nilisema Ni Saruji Inatoka

Papa wangu,

Nimekaa juu ya ule ubao wako wa kupumzikia hapa bandarini, upande wa saruji, na sijaona mutu wa kunipita kubeba. Usicheke. Wewe ulibeba mifuko miwili kwa mara moja, lakini sura nzuri ninayo mi.

Unakumbuka siku uliyotoka chooni, kule nyumbani Carama, ukaniita? "We mwenye kusoma, kuja uone." Shule niliacha darasa la saba, ila kwako nilikuwa profesa. Nikachungulia. Choo chako kilikuwa cheusi, kinanata, kina harufu mbaya kuliko yote niliyoijua. Nikakuuliza, "Papa, umekula lami ya barabara ya Kiriri?" Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Nilidhani ni kicheko kilichokuchosha.

Ukasema lile neno la wabebaji wote, kwamba maziwa yanafukuza vumbi la saruji tumboni. Mi nikaongeza la kwangu, nimetoa kifua kama daktari: "Ndiyo saruji hiyo inatoka. Kunywa tena." Ukanywa. Ukameza na vile vidonge vyako vya maumivu ya mugongo, tumbo tupu, kama kila asubuhi kabla ya mzigo.

Siku ya tatu ulianguka kwenye ngazi ya boti. Hospitalini daktari aliniuliza choo chako kilikuwa rangi gani. Nikamwambia. Akasema ile ilikuwa damu. Ikivuja juu, tumboni, inafika chini imekuwa nyeusi. Vidonge vilikuwa vimekuchimba kidonda. Damu ya kukuongezea ilifika, wewe hukuingoja.

Sasa kila anayemeza vidonge hapa namuuliza choo chake rangi gani. Wananiita Daktari wa Choo. Rafiki yako Mzee Saidi alinitukana wiki nzima, halafu asubuhi moja akanivuta pembeni.

"Cheusi," akasema. "Na ukimwambia mutu, nitakupiga."

Nikamtia kwenye teksi. Njia nzima ananigombeza, mi namwambia, "Apana, mzee, leo hunywi maziwa, unakwenda hospitali."

Jana amerudi, amekonda, mdomo ni ule ule. Nilijisifu bandari nzima, Papa, halafu nikageuka nikusimulie wewe. Ubao ulikuwa mutupu. Nikamwita Mzee Saidi akae.

Kidogo tu. Halafu nikamfukuza, hapo ni pako.

Lala salama. Ukinitokea ndotoni, niite tena mwenye kusoma.

Mimi mwanao, profesa wa darasa la saba