Kiwambo Kimoja kwa Bunduki Tatu

Kuhmo, 10 Aprili 2022

Mdogo wangu Ensio,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako ziwa bado limelala chini ya barafu na mimi nateleza kila nikienda kuchukua kuni. Sijambo, ukiondoa goti. Mbwa wangu Halla naye mzima, anabwekea hata kivuli chake. Wewe je? Sikio la kushoto linaendeleaje? Na ile mashine ya kukereza vyuma, bado inakulisha?

Simu najua huisikii tena, na ujumbe wa simu wewe ulishasema ni wa kuagiza maziwa, si wa ndugu. Basi nimekaa mezani na kalamu, kahawa inapoa.

Nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba binti yako Venla ameniandikia. Amefaulu mtihani wa uwindaji na amenunua bunduki yake mwenyewe, ya risasi ya milimita sita na nusu. Anataka kuja kuwinda kulungu na kikosi chetu mwezi wa kumi. Sijamjibu. Siwezi kumjibu kabla yako, na sababu unaijua.

Ombi ni hili. Ukimruhusu, sitaki bunduki yoyote ilie karibu naye bila kiwambo cha kupunguza sauti. Wenzangu wote wanavyo siku hizi, mimi tu ndiye ninayeamsha kijiji kizima. Nataka kununua kimoja kitakachofaa bunduki tatu: yangu ya tisa nukta tatu, ya marehemu Baba, na hiyo ya Venla. Dukani mjini kuna aina kumi na moja na muuzaji anazisifia zote sawasawa. Wewe ni fundi wa chuma. Nichukue kipi?

Kaka yako,
Reijo

*

Tampere, 24 Aprili 2022

Kaka Reijo,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma mara mbili na kucheka mara moja. Mimi sijambo. Sikio la kushoto linasikia redio nikiliegemeza juu yake, la kulia ni pambo tu la kuzuia kofia isianguke. Mashine inanilisha. Goti lako liache lipumzike, halina umri wa kuteleza kwenye barafu.

Sasa kiwambo. Muuzaji usimsikilize, analipwa kwa kusifia. Anza na tundu. Kiwambo cha bunduki nyingi hutobolewa kwa kufuata risasi nene kuliko zote. Nyembamba itapita kwenye tundu pana bila taabu, lakini nene ikipitishwa kwenye tundu jembamba, utaokota vipande vya kiwambo na pengine vya pua yako. Kwa hiyo chako kiwe na tundu la tisa nukta tatu. Baada ya hapo angalia hesi, ile mizunguko ya skrubu ya kukifungia kwenye ncha ya mtutu. Za mtutu wako na za Venla hazilingani, na bunduki ya Baba haina hesi hata moja, mzee hakuwaza mambo hayo. Hiyo ipeleke kwa fundi bunduki. Nitumie vipimo, viungio nitavikereza mwenyewe. Chagua kinachorudi nyuma juu ya mtutu, kisiongeze urefu sana, maana mnapita vichakani. Na kila jioni ukitoe kikauke. Ukikiacha pale, kutu itaila bunduki kabla wewe hujala nyama.

Hayo yamekwisha. Venla ni mtu mzima, siwezi kumfungia kabatini. Aende. Ila nina sharti moja. Kiwambo kinapunguza mlio, hakiuondoi, kwa hiyo vifunika masikio lazima avae. Nimemwambia tangu mdogo yaliyonipata mwaka wa 1987, kwamba nilivua vyangu kwa majivuno, nikavitundika tawini, nikataka kuonekana mwanamume mbele ya kaka yangu. Baba alisema, "Mjinga hufundishwa na masikio yake mwenyewe," na alisema kweli. Venla huguna tu, anadhani ni kitisho cha mzazi.

Mimi asubuhi ile siikumbuki kabisa, unajua kichwa kilipiga kisiki. Lakini wewe ulikuwepo. Mwandikie kama shahidi, umweleze nilivyovivua. Akiambiwa na wewe ataamini.

Mdogo wako,
Ensio

*

Kuhmo, 22 Mei 2022

Mdogo wangu Ensio,

Habari za siku nyingi? Natumaini hujambo na mmekula vizuri sikukuu ya Mei. Huku barafu imeondoka juzi, Halla amekwisha kuanguka ziwani mara mbili na kuja kujikung'utia kwenye suruali yangu ya kanisani.

Nimekwenda dukani. Nimeshika kimoja cha alumini, chepesi, nikaambiwa hakipendi risasi nyingi mfululizo. Nimeshika cha chuma cha pua, kizito, mtutu ukainama wenyewe. Kuna cha titani, kizuri mno, na nilipouliza bei nikajifanya nimekuja kununua soksi. Halafu kuna kingine chenye kifuniko cha mbele cha kubadilisha: risasi nyembamba unafunga kifuniko cha tundu dogo, risasi nene cha tundu kubwa. Muuzaji anasema hicho ndicho mwisho wa maneno. Unaonaje? Vipimo vya hesi nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Bunduki ya Baba iko kwa fundi tayari.

Barua ya Venla nitaiandika. Kazi zimenibana kidogo.

Kaka yako,
Reijo

*

Tampere, 5 Juni 2022

Kaka,

Shikamoo. Sijambo.

Kurasa mbili za chuma na mstari mmoja wa mwanangu. Kazi gani hizo zilizokubana, na barafu imeshaondoka?

Hicho cha vifuniko usinunue. Nakujua. Siku ya baridi, vidole vimekufa ganzi, kulungu anakuja, utasahau kifuniko kidogo mbele ya risasi kubwa. Kinataka mtu asiye na haraka.

Nimewaza tena pia. Tundu la tisa likitumiwa na risasi ya sita na nusu, hewa nyingi inatoroka na mlio unabaki mkubwa. Kitafanya kazi, ndiyo. Lakini bunduki yako itahudumiwa vizuri na ya Venla itahudumiwa nusu. Fikiri.

Na barua ya shahidi i wapi? Venla ameniuliza kama umekasirika naye. Kuna nini, Reijo?

Mdogo wako,
Ensio

*

Kuhmo, 25 Juni 2022

Ensio,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima, na safari hii si goti. Jana wenzangu wamewasha moto wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ufukweni, mimi nimebaki ndani na mbu.

Siwezi kumwandikia Venla kwamba ulivua vifunika masikio, kwa sababu hukuvivua. Nilikuvulisha mimi.

Nyumbani kulikuwa na jozi moja tu, unakumbuka. Mama alikununulia wewe, kwa ajili ya akodiani yako, alisema masikio ya mpiga muziki hayachezewi. Asubuhi ile mimi ndiye niliyepewa bunduki ya Baba, na nilikuwa naiogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na naogopa mlio. Sikutaka mtu ajue. Nikakwambia, "Wewe una masikio makali, vua usikilize mbwa yuko wapi, mimi nitavishika." Ukanipa bila swali. Nikavivaa.

Kulungu alitokea upande wako. Nilimwona yeye tu, wewe sikukuona. Nikapiga, na mdomo wa mtutu ulikuwa shubiri mbili kutoka sikio lako la kulia. Ukaanguka. Nilipoona hukujua hata jina lako, nikavivua vile vifunika masikio na kuvitundika kwenye tawi la msonobari. Baba alipofika mbio nikamwonyesha tawi. Nikasema ulikuwa unajigamba.

Nilidhani utakumbuka baada ya wiki moja na utanisema. Hukukumbuka. Mwaka ukapita, ikawa vigumu zaidi, halafu ukauza akodiani, halafu Baba akafa. Sina cha kujitetea. Naona haya mpaka kuandika neno "ndugu". Unisamehe kama unaweza, na kama huwezi, nitaelewa.

Kaka yako,
Reijo

*

Kuhmo, 20 Agosti 2022

Mdogo wangu,

U hali gani? Hii ni ya tatu tangu Juhannus. Mbili hukuzijibu na sikulaumu.

Venla ameniandikia tena kuuliza kama aombe likizo kazini. Naona hujamwambia. Sikununua kiwambo chochote. Nikiingia dukani nasimama tu mbele ya rafu, muuzaji anadhani nimekunywa. Kama hutaki aje, andika neno moja tu, "hapana", nami nitamwambia kikosi kimejaa.

Matunda ya porini mwaka huu ni mengi, nimekuwekea ndoo mbili.

Kaka yako,
Reijo

*

Tampere, 18 Septemba 2022

Reijo,

Hali yako sikuulizi.

Sikio ni ajali. Ulikuwa na woga, kulungu alitokea, ulipiga. Hilo ningekusamehe siku ile ile, kabla hata ya sauna. Lakini mimi nimeishi miaka thelathini na mitano nikijua kwamba mjinga ni mimi. Niliuza akodiani si kwa sababu ya sikio. Moja lilikuwa linatosha. Niliuza kwa sababu nilijiona sistahili kuwa nayo. Na Baba alipokuwa anakufa nilimwomba msamaha kwa kumharibia mtoto wake, yaani mimi mwenyewe. Nilimwomba mbele yako. Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, ukasikia yote, ukapiga funda. Hicho ndicho siwezi kukimeza.

Leo nimetuma kifurushi. Ndani kuna viwambo viwili. Kimoja kina tundu la tisa nukta tatu, hicho ni chako, na nimekereza kiungio ili kikae kwenye bunduki ya Baba pia. Cha pili kina tundu dogo, hesi zake ni za bunduki ya Venla peke yake, na wewe usikiguse. Ulitaka kimoja cha kutosha watu wote. Nyumbani kwetu tulikuwa na kitu kimoja kwa watu wawili, na tumeona kilivyogawanywa.

Venla sijamwambia. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajasimama nawe msituni. Akitaka kurudi, mpeleke kwenye basi na usimwombe abaki. Akibaki, niandikie jinsi mbwa alivyobweka. Msamaha usiniandikie tena, nimeuchoka. Niandikie mbwa. Ndicho kitu pekee cha msituni ninachodhani nakikumbuka, na sina uhakika kama ninakikumbuka sawasawa.

Ensio

*

Kuhmo, 9 Oktoba 2022

Mdogo wangu Ensio,

Najua hutaki kuulizwa hali, lakini siwezi kuanza barua bila kukuuliza. U hali gani?

Nimemwambia. Jana alfajiri, kwenye kibanda cha kikosi, wenzetu wakiwa nje na soseji zao. Nilimwambia yote, na tawi, na kikombe cha kahawa. Aliuliza, "Baba anajua?" Nikasema anajua tangu Juhannus. "Na Babu?" Nikasema Babu alikufa bila kujua. Alichukua birika la kahawa akaliosha, na lilikuwa safi. Nikamwambia basi la saa nne lipo, nitampeleka.

"Sijaja kupanda basi," akasema. "Ila bunduki yako iache garini, Baba Mkubwa. Leo itapigwa moja tu, yangu. Wewe utasikiliza mbwa."

Basi nilikwenda mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu nikue. Tulisimama kwenye ukingo wa kinamasi, pale pale unapopajua. Yeye alivaa vifunika masikio tangu tunatoka kwenye gari, sikumkumbusha mimi. Mimi vyangu nilivishusha shingoni, maana nilikuwa na kazi yako.

Halla alikaa kimya karibu saa nzima. Halafu ng'ambo ya kinamasi akabweka mara moja, kwa swali. Akanyamaza. Akabweka mara mbili, sasa kwa hasira kidogo, kama mwanamke anayegonga mlango wa jirani. Kisha akampata, na hapo hakukuwa na nafasi kati ya mbweko na mbweko, ilikuwa sauti moja nyembamba inayopanda, inashuka kidogo anapovuta pumzi, inapanda tena. Kulungu alipohama, sauti ilihama naye kushoto, ikafifia nyuma ya kilima, ikarudi ikiwa na mwangwi wa maji ndani yake. Dakika arobaini. Nilisikia yote, Ensio. Masikio yangu ni mazima kabisa, daktari huyasifu kila mwaka, na kila mwaka natoka kwake nimeinamisha kichwa. Kama kumbukumbu yako ni ya sauti inayopanda na kuvuta pumzi, basi unakumbuka sawasawa.

Halafu dume likatoka, mapembe yote, hatua sitini, limesimama ubavu. Venla akainua bunduki na kile kiwambo ulichomletea. Nikangoja. Hakupiga. Aligeuza macho akanitazama mimi, akashusha mtutu, akajigusa masikio kwa kidole.

Nilikuwa nimesahau. Vifunika vilikuwa bado shingoni. Nikababaika navyo, vidole vya baridi, kimoja kikanasa kwenye kola, na nilipomaliza kuvivaa kinamasi kilikuwa kitupu na Halla anabweka mbali.

Nilimwambia, "Ungepiga tu, mwanangu. Kiwambo si kipo?"

"Kiwambo kinapunguza, hakiondoi," akasema. "Si maneno ya Baba hayo? Isitoshe nimengoja sekunde nne tu."

Akamwita mbwa, akaanza kufungua chupa ya kahawa, akanimiminia mimi kwanza.

Nimezihesabu sekunde hizo tangu jana. Ni nne kweli. Hata asubuhi ile ya 1987 nilikuwa nazo.

Kaka yako,
Reijo