O Kubwa Inayokata Karatasi

Kebirigo, Nyamira

Kwako Mama,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Huku baridi nimeizoea, na ndizi za kupika nala kila siku, kwa hiyo mwili uko salama. Moyo ndio umechafuka.

Mashine yangu ya taipu hapa ofisini, kwenye chama cha wakulima wa pareto, imeharibika herufi moja tu, O kubwa. Ukiigonga inakata karatasi. Kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea kopi, kile kiduara kinadondoka, na kopi zote zinatoka na doa jeusi mahali pa O. Utasema herufi moja si kitu. Mama, huku Ugusii wanaume wengi majina yao yanaanza na O.

Basi nikachapa tangazo la mkutano lenye majina ya kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Obegi, akaja amekunja uso. Huku Wasabato ni wengi, na mtu akianguka dhambini jina lake hufutwa kanisani.

"Binti, mimi nimefutwa lini?"

Nikamweleza habari ya mashine. Akasema, "Na mbona wale wanawake wa kamati, Kemunto na Nyaboke, hiyo mashine imewaacha?"

Wazee wakasusa, mkutano ukavunjika. Katibu, Bwana Onsare, akanigeukia mimi, eti mikono ya Pwani ni mizito. Nimesafisha herufi kwa spiriti, nimegonga taratibu, nimeweka karatasi ya pili nyuma, wapi. Fundi wa Kisii mjini alisema chuma kimelika kikawa wembe, tununue nyingine. Katibu akakataa. Akasema mashine haina kosa, na kama siiwezi, barua ya kuthibitishwa kazini niisahau. Nililia kwa hasira, Mama. Niko hapa kwa majaribio tangu mvua zilizopita.

Jana akaketi mwenyewe anifundishe. Akachapa jina lake kwa kidole kimoja, akaitoa karatasi, akainua kwenye mwanga. Nikamwona jicho kupitia tundu.

"Pole, Bwana Katibu," nikasema. "Na wewe umefutwa."

Hakucheka. Lakini mashine mpya imeagizwa. Na barua yangu? Ataiandika mashine itakapofika, kwa sababu hawezi kutia sahihi chini ya jina lililotoboka. Itafika lini, hajui.

Nisalimie shangazi Grace wa maandazi, na kaka Danieli wa bandarini, mwambie asinicheke.

Ni mimi mwanao Rodha, ambaye jina lake linachapika bila doa na kazi ya kudumu bado hana.