Hatua Nilizozisikia Chini ya Koti

Kiirua,
Jumapili, Agosti 1988

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia binti yako Teresia hadi kitoto Mwiti, ambaye salamu zake ni za kilio. Natumaini ulifika Siakago salama, na kwamba ndege hawakumaliza mtama wako ulipokuwa huku kwetu ukimtunza mzazi. Sisi hatujambo. Baridi ni ile ile uliyoiacha, na viazi vimeanza kuchanua.

Nimeona niandike, maana uso kwa uso wewe ungetazama chini nami ningetazama mlima, na neno lisingetoka. Barua utaisoma peke yako, na miwani yako ya Biblia.

Magunia ya viazi yalipomwangukia mwanetu Kathambi ghalani na kumvunja paja, Teresia ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Ikabidi niende naye hospitalini mimi. Wodi ya watoto ilikuwa ya akina mama watupu. Muuguzi alizoea kumwita kila mzazi kwa jina la mtoto, basi akaniita Mama Kathambi, nami nikaitika. Na mtoto mwenyewe ana jina lako! Kila nilipomwambia, Kathambi fungua mdomo, Kathambi acha ukaidi, nilijisikia kama mtu anayemkemea mkwewe mbele za watu, nikawa naongeza tafadhali.

Wale akina mama Mungu awabariki. Cicily wa Mitunguu, ambaye mwanawe alilazwa kitanda cha jirani, alinifundisha kumwosha mtoto bila kugusa ule mguu uliokuwa ukivutwa kwa kamba. Kidonda cha paja kilipotunga usaha, daktari akasema kisipokauka mguu utakatwa. Cicily ndiye aliyenishika mkono nikakaa chini. Usaha ulikauka, na ninamshukuru Mungu kila ninapouona mguu huo.

Lakini plasta waliyomfunga baadaye ilipotolewa, mtoto akakataa kukanyaga. Daktari alionya kwamba mguu usipotumika utakakamaa, na huenda asitembee tena. Nilimbembeleza, nikamwahidi mwana-mbuzi, nikamfokea, nikajuta. Alinishika shingo akalia kwamba paja litavunjika tena. Hapo niliogopa kuliko siku ya magunia.

Sasa nifike kwako. Siku hizo zote chakula kilikuwa kikija, mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, bado wa moto, na Cicily akinipa akisema kimeletwa na jirani mmoja. Sikuuliza. Halafu siku moja nikamwona Kathambi akilichekea dirisha. Nilipogeuka, nikaona kitambaa chako cha buluu kikiondoka nyuma ya ua.

Nilielewa, Mama. Mkwe haingii anapolala mume wa bintiye, na mimi nilikuwa nikilala pale pale, kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto. Ulikuwa ukisafiri kutoka Kiirua, ukisimama nje kwenye baridi hiyo, unamwona mjukuu kupitia kioo, unarudi. Iliniuma sana. Kukuita ndani ningekuvunjia heshima, na kukuacha nje nilishindwa.

Basi nikamwomba Cicily akuambie kwamba baba mtoto hulala fofofo mchana, na mtu aliyelala ni kama hayupo. Nilipokuona ukija nikajilaza, nikageukia ukuta, nikajifunika koti mpaka kichwani. Ukaingia. Tangu siku hiyo ukawa unaingia, nami nikawa nalala. Cicily aliniambia baadaye kwamba nakoroma kama trekta lililokwama.

Mama, nakuomba radhi. Sikuwa nimelala hata mara moja.

Nilisikia ukimsimulia habari za mbuzi wako. Nilisikia ukinifunika miguu kwa leso yako, ukimwomba Mungu anitie nguvu. Na nilisikia siku ile uliposimama kule dirishani ukamwambia mtoto kwa Kimbeere, "Njoo kwangu polepole. Baba yako amechoka, tusimwamshe." Kitanda kikalia. Kisha nikasikia nyayo kwenye saruji, moja, halafu kimya, halafu nyingine. Kumbe mtoto aliyekataa kutembea kwa ajili yangu alikubali ili nisiamke.

Nililia chini ya koti, Mama, nikiuma mkono wa koti lenyewe nisitoe sauti. Ningelifunua ningemwona, lakini wewe ungekimbia naye angeanguka. Kwa hiyo hatua hizo za mwanangu nilizisikia tu. Wewe ndiwe uliyeziona, na hakuna mtu aliyestahili zaidi.

Tuliporudi nyumbani tulikuta umeondoka asubuhi hiyo, usije ukalala chini ya paa moja nami. Kathambi alikutafuta chumba hadi chumba, akichechemea. Ameuliza amekukosea nini.

Njoo tena, tafadhali. Mama yangu amekutengea chumba kwake ng'ambo ya kijito, na kama heshima inadai mbuzi wa kuondoa mwiko huu, yupo. Ukifika langoni, mwite Kathambi kama ulivyomwita siku ile. Mimi nitasimama kule ghalani, mbali kadiri desturi inavyotaka, lakini safari hii bila koti kichwani.

Teresia anakusalimu kwa mapenzi mengi, na leso yako imefuliwa, inakungoja. Mungu akuweke.

Mkweo mwenye shukrani,
Kaberia
(Mama Kathambi wa wodini)